Nani Amegusa Hii Gari?

Fundi wa yadi hakuuliza kwa hasira. Alikuwa amechomeka mashine yake chini ya usukani, akatazama kioo chake kidogo kwa dakika kadhaa, kisha akamgeukia binamu yangu: "Nani amegusa hii gari?" Binamu akanyamaza. Mimi nikaanza kusoma matangazo ya matairi ukutani.

Ilikuwa Subaru Forester ya turbo. Alikuwa amekaa nayo miezi minne, na karatasi ya yadi ilisema injini ina waranti ya miezi sita. Sasa silinda moja haikuwa na kompresheni, pistoni imepasuka. Wiki saba kabla, jamaa mmoja mwenye laptopu alikuwa ameirimapu hiyo gari huku sisi tukila chipsi kando. Tulipotoka hapo, Thika Road ilikuwa fupi sana.

Kurimapu ni kubadilisha namba. Ndani ya kompyuta ya injini kuna majedwali: injini ikizunguka hivi na mguu ukikanyaga vile, petroli iingie kiasi gani, plagi iwake lini, turbo isukume hewa kwa presha gani. Mtengenezaji huziandika namba hizo akiacha akiba, kwa sababu anajua kuna petroli mbaya, kuna joto, na kuna watu kama mjomba wangu ambao husahau kubadilisha oili. Anayerimapu anaila ile akiba. Nguvu anayokuuzia ilikuwa yako tangu mwanzo, ila ilikuwa imewekwa kando kwa ajili ya siku mbaya.

Zamani za kabureta hakukuwa na siri yoyote. Fundi alizungusha skrubu kwa bisibisi, na akiharibu, anairudisha. Mambo yalibadilika Marekani ilipopitisha sheria kali ya hewa safi mwaka 1970, na watengenezaji wakaanza kukimbilia elektroniki ili kupima mafuta kwa uangalifu zaidi. Mwaka 1979 Bosch walitoa Motronic, wakaiweka kwenye BMW 732i: kompyuta moja inayotawala petroli na cheche kwa pamoja. Miaka ya themanini, namba hizo zilikaa kwenye chipu yenye kidirisha cha kioo. Unaing'oa, unaimulika kwa mwanga wa urujuanimno mpaka ifutike, unaandika mpya, unairudisha. Injini ikifa, unapachika chipu ya zamani na kwenda kwa dila ukiwa na uso wa malaika.

Wajapani nao walikuwa na yao. Kuanzia 1989, watengenezaji wao walikubaliana kutotangaza gari yenye zaidi ya nguvu za farasi 280, na gari zao zilifungwa zisipite kilomita 180 kwa saa. Ndiyo maana dashibodi za gari nyingi hapa Nairobi zinaishia 180. Mapatano ya farasi yalidumu hadi 2004, na katikati ya hapo kila kijana mwenye Skyline au Impreza aliamini kuna farasi waliofungiwa ndani ya kompyuta wakisubiri kufunguliwa. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda Safari Rally kwa Subaru, na hapa kwetu imani hiyo ikawa karibu dini. Binamu yangu ni muumini.

Kisha ikaja 1996. Marekani ikalazimisha kila gari mpya ya abiria iwe na tundu moja la kawaida la kusomea kompyuta, liitwalo OBD-II. Baadaye hiyo ikawa njia ya kuandikia pia, bila kung'oa chochote. Raha tupu. Lakini mlango unaokuingiza wewe unamwingiza pia anayekuchunguza. Kompyuta nyingi za kisasa huhesabu zimeandikwa upya mara ngapi, na ukirudisha namba za kiwandani, hesabu hairudi nyuma. Volkswagen na Audi wana alama yao, TD1, ambayo dila akiiona anajua programu iliguswa.

Je, kuguswa tu kunaua waranti? Marekani kuna sheria ya 1975, Magnuson-Moss. Kwa kifupi, kampuni haiwezi kukukatalia eti kwa sababu umeweka kitu cha nje. Ni lazima kitu hicho kiwe ndicho kilicholeta hitilafu. Redio mpya haiui giaboksi. Shida ni kwamba ramani mpya inafika kila mahali: pistoni, turbo, klachi. Kwa hivyo sheria ipo, lakini injini ikipasuka, ubishi ni mgumu.

Mwaka 2015 ndio unaonichekesha zaidi. Marekani walikuwa wakibishana kama mwenye gari aruhusiwe kuingia kwenye programu yake bila kuvunja sheria ya hakimiliki ya 1998. Kampuni zilipinga. John Deere walidai mwenye trekta ana kibali tu cha kuitumia ile programu. Hata EPA, shirika la mazingira, liliandika barua kupinga: watu watachezea moshi. Septemba, EPA hao hao wakatangaza kuwa Volkswagen yenyewe iliandika programu inayotambua kipimo cha moshi na kujifanya safi. Gari kama milioni 11 duniani. Mwezi uliofuata, ruhusa kwa wenye magari ikatolewa. Ruhusa hiyo haikurudisha waranti ya mtu.

Hapa kwetu gari nyingi hufika zikiwa zimetumika, waranti ya kiwanda ikiwa imebaki Japani. Pia imebaki petroli iliyofikiriwa na mwandishi wa zile namba: ile ya bei kule hufika oktani 100, na super yetu ya kawaida iko chini ya hapo. Jamaa wa laptopu hakutaja hilo. Hatukumuuliza pia; tulikuwa tunauliza farasi wangapi.

Yadi ilikataa, na sikuweza kuwalaumu kwa moyo wote. Binamu aliuza pikipiki yake, akachukua injini ya mkono wa pili Kirinyaga Road. Kompyuta ni ile ile, na hesabu yake ndani. Juzi jamaa wa laptopu alimpigia simu kumpa pole, kisha akamwambia kwa hiyo injini mpya atamfanyia nusu bei.

Ananiuliza mimi naonaje.