Kuchagua na kuzimua rangi ya mashua: Yanayofaa kuzingatiwa Watamu

MASHUA inayopakwa rangi isiyoifaa huanza kubambuka kabla ya msimu kwisha, hata kama rangi hiyo ilinunuliwa kwa bei ghali. Katika fuo za Watamu, kaunti ya Kilifi, ambako mitumbwi, mashua za wavuvi na boti za watalii hushinda juani na kulala majini, hasara hiyo hurudi kila mwaka kwa wenye vyombo wasiotofautisha rangi na rangi.

Wengi hudhani kuwa kasoro hutokana na rangi yenyewe. Mara nyingi chanzo ni kiyeyushi kilichotumiwa kuizimua, ambacho mafundi hukiita thina. Kiyeyushi kikiwa si cha jamii ya rangi hiyo, au kikizidi kipimo, hata rangi bora huharibika.

Jambo hili lina uzito zaidi Watamu kuliko penginepo. Hifadhi ya Kitaifa ya Bahari ya Watamu ilianzishwa mwaka 1968, pamoja na ile ya Malindi, na zote mbili husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kinachobambuka kwenye mbao, kinachopigwa msasa ufuoni na kinachomwagwa mchangani huishia kwenye matumbawe yale yale yanayowapa wavuvi samaki na wenye boti za sakafu ya kioo wateja.

Kabla ya rangi za madukani kuenea, mabaharia wa pwani walikuwa na njia zao. Mbao za juu zilipakwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa, ili zisipasuke kwa jua. Sehemu ya chini ilipakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili kuwazuia wadudu wa baharini watoboao mbao. Kazi hiyo ilirudiwa mara kwa mara, baada ya chombo kupwazwa na uchafu wa chini kuunguzwa kwa moto wa makuti.

Busara ya mpango huo ingali na maana: sehemu ya juu na sehemu ya chini za chombo hazina adui mmoja, kwa hiyo hazipaswi kupakwa kitu kimoja.

Aina za rangi

Kila rangi ina mambo matatu makuu: unga unaoipa sura, utomvu unaoishikanisha na ubao, na kiyeyushi kinachoifanya itiririke. Kiyeyushi huruka hewani baada ya kazi, na kinachobaki ni unga na utomvu. Aongezaye kiyeyushi kupita kiasi haongezi rangi. Anapunguza unene wa ngozi itakayobaki.

Rangi ya mafuta ndiyo inayojulikana zaidi na ndiyo nafuu. Huzimuliwa kwa tapentaini ya madini. Inafaa sehemu za juu za mashua ya mbao kwa sababu hunyumbuka kidogo ubao unapovimba na kunywea. Haifai sehemu inayokaa majini daima, kwani huvimba na kuachia.

Rangi za mikebe miwili, yaani epoksi na poliyurethani, huchanganywa na kigumishi kabla ya kupakwa. Epoksi hushika vizuri na huzuia maji, lakini jua huifanya ichujuke na kutoa vumbi jeupe, hivyo juu yake hupakwa poliyurethani, inayostahimili jua. Hizi ndizo zifaazo zaidi boti za faibaglasi. Kila moja ina kiyeyushi chake, na cha rangi ya mafuta hakiwezi kushika nafasi yake.

Rangi ya selulosi, inayotumiwa sana na wapulizaji wa rangi za magari, hukauka haraka mno. Kiyeyushi chake ni kikali. Kikipakwa juu ya rangi ya mafuta ya zamani, ile ya chini huvimba na kujikunja.

Ya nne ni rangi ya kuzuia uchafu, ipakwayo chini ya mstari wa maji. Nyingi huwa na oksidi ya shaba, ambayo huachilia sumu kidogo kidogo ili mwani na viumbe wenye magamba wasijishikize. Rangi hii haipaswi kuzimuliwa ila mtengenezaji akiruhusu, kwa kuwa unene wake ndio umri wake. Aidha, yenye shaba isipakwe kwenye aluminiamu, zikiwemo sehemu za chini za injini ziningʼinizwazo nyuma ya boti, kwani shaba huifanya aluminiamu kuliwa na chumvi.

Kipimo cha kuzimua

Maelezo yaliyoandikwa kwenye mkebe ndiyo sheria ya kwanza. Yakikosekana, mazoea ya kazi ni kwamba rangi ya mafuta ya kupakwa kwa burashi huongezwa kiyeyushi asilimia 5 hadi 10, na ya kupulizwa kwa bomba asilimia 10 hadi 20. Kwa mkebe wa lita 4, asilimia 10 ni mililita 400. Ni heri kupima kwa chombo chenye alama kuliko kukisia kwa jicho.

Tabaka la kwanza juu ya ubao mtupu huweza kuzimuliwa zaidi kidogo ili lipenye kwenye vinyweleo vya mti. Matabaka yafuatayo hupunguziwa kiyeyushi. Matabaka mawili au matatu membamba hudumu kuliko moja zito, ambalo hukauka juu na kubaki bichi ndani.

Wapulizaji wa rangi hutumia kikombe chenye tundu chini na kuhesabu sekunde ambazo rangi hutumia kumalizika. Asiye nacho huchovya kijiti na kukiinua. Rangi ikishuka kwa mabonge, bado ni nzito. Ikimwagika kama maji na kuacha kijiti kikionekana, imezidi. Kwa bomba, inatakiwa itiririke mithili ya maziwa. Kipimo hicho cha maziwa ndicho wanachokitumia hata watengenezaji wa vielelezo vidogo vya ndege na meli, wenye mabomba madogo mfano wa kalamu, kwa kuwa tundu linapokuwa dogo ndipo rangi huhitaji kuwa nyepesi zaidi.

Rangi nzito ikipulizwa, uso wake hubaki na vijishimo kama ganda la chungwa. Nyepesi kupita kiasi hutoa michirizi. Kiyeyushi kinachoruka upesi mno huifanya rangi ikauke hewani na kutua kama vumbi. Dawa ya hilo la mwisho si kuongeza kiyeyushi kile kile, bali kutumia kinachoruka polepole, kinachotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto.

Kwa rangi ya mikebe miwili, kigumishi huchanganywa kwanza kwa kipimo kamili, kisha kiyeyushi. Joto la pwani huharakisha kuganda kwake, kwa hiyo hukorogwa kiasi kitakachomalizika kwa muda mfupi tu. Rangi yoyote ya bomba ichujwe kwa kitambaa chembamba cha nailoni.

Mafuta ya taa na petroli si viyeyushi vya rangi. Mafuta ya taa huacha utelezi unaochelewesha kukauka. Petroli hushika moto kwa cheche ndogo, na mvuke wake una sumu.

Hali ya hewa na maji

Unyevu wa pwani ni adui wa pili. Kiyeyushi kikiruka haraka hupoza uso wa rangi, na mvuke ulio hewani hugeuka maji juu yake. Matokeo ni weupe kama ukungu, hasa kwa rangi ya selulosi. Kigumishi cha poliyurethani nacho hushambuliwa na unyevu, na rangi hupoteza mngʼao.

Muda mwafaka ni baada ya umande kukauka, yapata saa tatu asubuhi, na kukoma mapema alasiri ili rangi ishike kabla ya umande kurudi. Kivuli ni muhimu, kwa sababu ubao uliochomwa na jua la adhuhuri hukausha rangi kabla haijashika. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, hufaa zaidi kuliko ile ya mvua za Aprili hadi Juni.

Chumvi ioshwe kwa maji baridi yasiyo ya bahari, kisha ubao uachwe ukauke kabisa. Chumvi ikifunikwa na rangi huvuta maji, na malengelenge hutokea.

Kwa sehemu ya chini, wakati wa kupandisha chombo ni bamvua, mwezi uandamapo au unapokuwa mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Anayefanya kazi kati ya kupwa na kujaa ana saa chache tu, na asome kwenye mkebe kama rangi yake yaweza kuingia majini ndani ya muda huo.

Afya na bahari

Rangi kuukuu huweza kuwa na madini ya risasi. Viwango vya Kenya vimeweka kikomo cha risasi katika rangi kuwa sehemu 90 kwa kila milioni, lakini rangi iliyopakwa zamani ingali mbaoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaodhurika zaidi. Kwa sababu hiyo msasa mkavu uepukwe. Msasa wa maji hupunguza vumbi, na watoto wasiruhusiwe karibu.

Poliyurethani ikipulizwa hutoa kemikali ziwezazo kuleta pumu ya kudumu. Kitambaa cha puani au barakoa ya vumbi haisaidii kitu. Asiye na barakoa ya kuletewa hewa safi ni bora atumie burashi.

Dunia ilikwisha kupata funzo kuhusu sumu za rangi za meli. Rangi zenye kemikali ya bati iitwayo TBT ziliharibu ufugaji wa chaza katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, na nchi hiyo ikazipiga marufuku kwa vyombo vidogo mwaka 1982. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini (IMO) lilipitisha mkataba wa kuzikataza mwaka 2001, ulioanza kutekelezwa mwaka 2008. Marufuku hiyo ilipanuliwa kuanzia Januari 2023 kwa kemikali nyingine, cybutryne. Shaba haijakatazwa, ingawa tafiti zimeonyesha kwamba ikizidi majini huzuia mayai ya matumbawe kurutubika.

Hivyo kazi ya kukwangua ifanyike juu ya alama ya maji makuu, turubai likiwa limetandikwa chini, na mabaki yakusanywe. Kiyeyushi kilichooshea burashi kisimwagwe. Kikifungwa kwenye chupa kwa siku chache, unga hutua chini, na kilicho safi juu hutumika tena kuoshea. Aliyenunua lita 1 kwa kazi hiyo hupata huduma ya lita 2 au 3.

Mwenye mashua ajiulize mambo manne kabla ya kufungua mkebe: sehemu inayopakwa i juu au chini ya maji, rangi iliyopo ni ya jamii gani, kiyeyushi ni cha rangi hiyo, na hali ya hewa inaruhusu? Asiyejua rangi ya zamani ni ya aina gani aweke juu yake kitambaa kilicholoweshwa kiyeyushi kwa dakika chache. Ikivimba au kulainika, kiyeyushi hicho hakifai, na bado hajapoteza hata tone la rangi mpya.