Nukta Mbili za Mwalimu Lewis

Vijana wetu wa sekondari hukariri kwamba molekuli ya haidrojeni ni atomu mbili zilizoungana. Wachache huambiwa kwamba jambo hilo liliwasumbua wataalamu kwa zaidi ya miaka 100.

Mnamo 1811 Mtaliano Avogadro alisema kwamba gesi kama haidrojeni zina chembe za atomu mbili mbili. Hakusikilizwa. Berzelius wa Sweden, bingwa wa kemia wa zama zile, alifundisha kwamba atomu huungana kwa sababu moja ina chaji chanya na nyingine hasi. Kwa chumvi hoja hiyo ilitosha. Lakini atomu mbili za haidrojeni zinafanana kabisa. Ipi iwe chanya, ipi iwe hasi?

Elektroni iligunduliwa mwaka 1897, na jibu likaanzia darasani. Mwaka 1902 Gilbert Lewis, aliyekuwa akifundisha Harvard, Marekani, aliwachorea wanafunzi atomu kama mchemraba wenye elektroni pembeni. Alikaa na wazo lile miaka 14. Mwaka 1916, akiwa Berkeley, akachapisha jibu: atomu si lazima zinyang'anyane elektroni. Zinaweza kushirikiana jozi moja, na kila moja ikaihesabu kuwa yake.

Jozi hiyo akaiandika kwa nukta mbili kati ya H na H. Katika maji, oksijeni ina elektroni 6 za nje. Hushirikiana jozi moja na kila haidrojeni, ikatimiza 8, na kila haidrojeni ikapata 2. Atomu mbili za naitrojeni hushirikiana jozi 3, ndiyo maana ni vigumu mno kuzitenganisha.

Mwaka 1919 Mmarekani mwenzake, Irving Langmuir, aliieneza nadharia hiyo kwa mihadhara na kuupa muungano huo jina la kovalenti. Watu wakaanza kuitaja kana kwamba ni yake, na Lewis hakufurahi. Langmuir alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, kwa kazi nyingine. Lewis alipendekezwa mara nyingi, lakini hakuipata hadi alipofariki ndani ya maabara yake mwaka 1946.

Wanangu, sisi wa madrasa tumefundishwa kutaja elimu tumeipokea kwa nani. Basi mnapoweka nukta zile mbili daftarini, mkumbukeni mwalimu aliyeziweka kwanza.