Mji Uliojengwa kwa Mihtasari: Historia Fupi ya Baraza la Tanga



Mwana Tanga akiulizwa historia ya mji wake, mara nyingi huanza na reli. Atakwambia ujenzi ulianzia hapa kwetu mwaka 1893, garimoshi likafika Muheza mwaka 1896, na reli ikafika Moshi mwaka 1911. Akitoka kwenye reli ataingia kwenye mkonge, kisha atasimulia vita vya Novemba 1914, jeshi la Waingereza lililotoka India lilipoteremka ufukweni na kurudishwa baharini. Atamalizia kwa kukutambia: Tanga, waja leo waondoka leo.

Historia hiyo ni ya kweli na tunaipenda. Lakini reli haikuzoa taka za soko la Ngamiani, na vita vya 1914 havikuchimba mfereji hata mmoja. Kazi hizo ziliamuliwa na watu waliokaa mezani, wakasoma muhtasari wa kikao kilichopita, wakajadili yatokanayo, wakapiga kura na kwenda zao nyumbani. Historia hiyo haisimuliwi barazani wakati wa kahawa kwa sababu haina mizinga. Mwaka huu tumeona tuisimulie katika kijitabu chetu, kwa kuwa fedha tunazochanga zinakwenda kukutana na meza hiyo hiyo.

Meza ya wateule

Waingereza walipoishika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, miji kama wetu iliwekwa chini ya mamlaka ya mji. Mwenyekiti alikuwa ofisa wa serikali, na wajumbe waliteuliwa. Mambo waliyojadili hayana tofauti kubwa na ya leo: leseni za biashara, ushuru wa soko, vibali vya ujenzi, machinjio, mbu, mifereji, makaburi.

Ni mambo madogo ukiyasoma moja moja. Lakini yapange pamoja, uone yalivyochora mji. Katika miji ya Tanganyika wakati huo, kanuni za ujenzi na upimaji ziligawa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, kila sehemu na kiwango chake cha nyumba na cha huduma. Kwetu, Raskazone ilipata bustani na upepo wa bahari, maduka yakakaa katikati ya mji, na wenyeji wengi wakawa upande wa pili wa reli, Ngamiani, kwenye barabara zenye namba ambazo mpaka leo tunaelekezana kwazo. Bomba lipite wapi, taa iwekwe wapi, gari la taka lifike wapi: kila uamuzi wa namna hiyo ulikuwa unasema nani anahesabika na nani hahesabiki. Wengi wa waliokuwa hawahesabiki hawakuwa na kiti mezani.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, mabaraza yakapata sura ya wananchi wenyewe. Wakati huo mkonge bado ulikuwa na nguvu. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilipita katika bandari yetu. Mwaka 1963 mji wetu uliingia udugu na mji wa Eckernförde, Ujerumani, udugu ambao jina lake liko hadi leo kwenye shule tunayoijua sote. Huo nao ulikuwa uamuzi wa kawaida wa mji: barua, ajenda, azimio, sahihi.

Miaka ambayo hapakuwa na baraza

Kisha ikaja mwaka 1972 na mpango wa Madaraka Mikoani. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: kuyatoa maamuzi Dar es Salaam na kuyapeleka karibu na wananchi. Kilichofika mikoani kilikuwa watumishi wa serikali kuu. Mabaraza ya wilaya yakafutwa, na ya miji yakafuata muda mfupi baadaye. Diwani ambaye ungemgongea mlango usiku kumwambia mfereji umeziba, hakuwepo tena. Palikuwa na mkurugenzi, na mkurugenzi alijibu kwa aliyemteua.

Hesabu za miji zikaingizwa katika mafungu ya mkoa na wilaya, ambako macho yote yalikuwa vijijini. Hatusemi vijiji havikustahili. Tunasema mji una mahitaji ambayo hayangojei: taka za leo haziwezi kusubiri bajeti ya mwaka kesho. Miji ya Tanzania ilianza kuchakaa. Magari ya taka yaliharibika yasitengenezwe, mifereji ikaziba, barabara zikafanya mashimo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kikaenea nchini, na watu wakaelewa kwa uchungu kwamba yale mambo madogo ya kwenye muhtasari yalikuwa mambo ya uhai na kifo.

Mwaka 1978 Bunge likapitisha sheria ya muda ya kurudisha mabaraza ya miji. Mwaka 1982 zikatungwa sheria za serikali za mitaa tunazozitumia, pamoja na marekebisho yake, hadi leo: Namba 7 ya wilaya, Namba 8 ya miji, na Namba 9 ya fedha. Mabaraza ya nchi nzima yakarejea mwaka 1984, na mwaka huo huo serikali za mitaa zikawekwa katika Katiba. Ibara ya 145 inasema ziwepo, ibara ya 146 inasema zipo ili kuwapelekea wananchi madaraka. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa ni moja ya mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya.

Tunalitaja hili kwa sababu wapo vijana wetu wanaouliza diwani ana faida gani. Jibu limo katika miaka ile.

Kapu na kilichomo

Baraza lilirudi, lakini kapu lilikuwa jepesi. Kodi ya maendeleo, ambayo wazee waliendelea kuiita kodi ya kichwa, ilirudishwa pamoja na mabaraza. Ilichukiwa, kwani mtu alidaiwa stakabadhi njiani kama mhalifu. Ilipofutwa mwaka 2003 watu walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini sisi tunaoshughulika na vitabu vya hesabu tunajua kwamba mstari ukifutwa upande wa mapato, upande wa matumizi haujifuti wenyewe. Serikali kuu iliahidi ruzuku ya kufidia. Tangu hapo mabaraza yamezidi kuishi kwa fedha zinazotoka juu, na fedha zinazotoka juu huja na maelekezo yake.

Kilichobaki mikononi mwa halmashauri ndicho tunachokiita mapato ya ndani: leseni, ushuru wa masoko na stendi, ada za vibali, ada za taka, na ushuru wa huduma ambao sheria kwa miaka mingi iliuweka kisizidi asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni. Kodi ya majengo, ambayo miji mingi duniani huitegemea, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016. Tangu 2021 inakatwa kupitia umeme. Ilipoanza ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Unaponunua LUKU ya nyumba ya mama pale Makorora, umekwisha kulipa kodi ya jengo, hata kama hukujua.

Na kapu hilo lina watu wengi wanaolingojea. Kwa sheria, asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hapo hujaweka posho za vikao, mafuta ya magari ya taka na madeni ya wazabuni. Mji nao unakua. Tanga ilipata hadhi ya jiji mwaka 2005. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332, na ile ya 2022 ilikuta zaidi ya 390,000. Kila mtu aliyeongezeka anatupa taka, anakunywa maji, anatembea barabarani.

Bomba, lami na hatifungani

Kazi nyingine hazimo tena mezani pa madiwani. Barabara za mitaa, ambazo zilikuwa ndiyo fahari na lawama kuu ya baraza, tangu Julai 2017 ziko chini ya TARURA. Maji yako chini ya mamlaka yake, Tanga Uwasa. Kwa hiyo mtu anayemlaumu diwani kwa shimo la barabarani, mara nyingine anamlaumu asiye na koleo. Diwani anaweza kuuliza, kusukuma na kupeleka vipaumbele, lakini fungu haliko kwake.

Taa, lami na mifereji ya mvua tuliyoiona ikijengwa katika muongo uliopita ilitokana kwa kiasi kikubwa na mradi wa miji ya kimkakati ulioanza mwaka 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambao Tanga ilikuwa miongoni mwa miji iliyochaguliwa. Mkopo hujenga mfereji. Kuzibua mfereji huo kila masika ni kazi ya mapato ya ndani, na hapo ndipo panapovuja.

Hadithi ya maji inatutia moyo zaidi. Maji yetu yanatoka Mto Zigi, unaoteremka kutoka misitu ya Amani, Usambara Mashariki, na hukusanywa katika bwawa la Mabayani lililojengwa mwaka 1978. Kwa mahitaji ya sasa, mitambo na mabomba ilihitaji kupanuliwa. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Maana yake kwa lugha ya nyumbani ni hii: mamlaka ya mji wetu ilikwenda sokoni, ikafungua vitabu vyake mbele ya watu wenye fedha, na watu hao wakaona kwamba bili za maji za Tanga zinaaminika vya kutosha kulipa deni kwa miaka 10. Huwezi kufanya hivyo kama vitabu vyako ni vya kubahatisha. Kila stakabadhi iliyoandikwa sawasawa kwenye dirisha la malipo ilichangia siku hiyo.

Sisi tunaingia wapi

Mchango wa umoja wetu, hata tukijibana vipi, ni tone ukiuweka kando ya bajeti ya jiji. Nguvu yake iko mahali pengine: unaweza kuivuta bajeti hiyo upande wa nyumbani, ukiingia kwa wakati na kwa mlango wake.

Wote tunajua maboma. Wananchi wanachanga, wanasimamisha kuta mpaka kwenye lenta, kisha nyasi zinaota ndani. Mara nyingi sababu si uchoyo wa mtu. Jengo lilianza bila kupita kwenye mkutano wa mtaa, halikufika Kamati ya Maendeleo ya Kata, kwa hiyo halikuingia kwenye mpango wa halmashauri. Halmashauri haiwezi kuezeka kisichokuwa kwenye kasma, na zahanati isiyo kwenye mpango haipangiwi mganga. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini bajeti yake hupikwa miezi mingi kabla. Anayeleta ombi Juni anakuta chungu kimekwisha kuepuliwa.

Kwa hiyo pamoja na mchango, tunawaomba mambo matatu.

La kwanza, mlioko nyumbani, nendeni kwenye mikutano ya mtaa. Ndiyo, inachelewa kuanza, na ndiyo, wapo wasemao sana. Lakini ni hapo mradi unapopata namba ya ajenda. Vikao vya Baraza la Madiwani navyo viko wazi kwa wananchi. Kukaa nyuma na kusikiliza hakuhitaji kadi ya mwaliko.

La pili, someni mbao za matangazo. Halmashauri hubandika mapato na matumizi. Na tusikie vizuri maana ya hati safi ya Mkaguzi Mkuu: inasema hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa. Haisemi mfereji wa mtaani kwenu umechimbwa. Hilo linakaguliwa na macho ya wakazi.

La tatu, mlioko Dar, Mombasa, Muscat na kwingineko, msitume fedha kwa mtu mmoja mmoja kwa ajili ya kazi ya umma. Zipitishieni kwenye umoja, ili kila shilingi iwe na stakabadhi, na kila mradi uwe na barua ya kata iliyopokelewa na kugongwa muhuri. Miradi mtakayoiona katika kurasa zinazofuata imepangwa kwa utaratibu huo.

Wazee wetu walijenga mji ambao mgeni akifika hataki kuondoka. Walifanya hivyo pia kwa vikao virefu vya kuchosha, juu ya ushuru wa samaki na upana wa mifereji. Vikao hivyo vinaendelea, na viti vya nyuma viko wazi. Karibuni tuchange, kisha tukakae.