Utomvu wa Mbungo na Misuli Isiyo na Damu

Wanaosimulia chimbuko la misuli ya bandia, yaani polima laini zinazotanuka na kunywea kwa nguvu ya umeme, hurudi hadi 1880. Mwaka huo Wilhelm Röntgen, ambaye miaka 15 baadaye aligundua eksirei, alikuwa profesa wa fizikia mjini Giessen, Ujerumani. Alining'iniza ukanda wa mpira wenye uzito upande wa chini, akautia chaji ya umeme, ukarefuka. Chaji ilipoondolewa, ukarudi. Simulizi huanzia hapo, kana kwamba mpira ulizaliwa juu ya meza ya profesa. Kwangu mimi, hiyo ni historia iliyokatwa kichwa. Kabla ya maabara palikuwa na pori, na pori la nyuma ya Lindi, kuanzia Ruangwa na Nachingwea hadi Liwale, lina fungu lake katika habari hii.

Miaka hiyohiyo mpira wa porini ulikuwa ukiteremshwa pwani vichwani na mabegani mwa watu. Mkataba wa 1873 ulikuwa umefunga masoko ya watumwa Zanzibar, na amri za 1876 zikapiga marufuku misafara yao ya bara. Wafanyabiashara wa Kilwa na Lindi walihitaji bidhaa nyingine. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, aliuhimiza mpira, na mmoja wa mitambaazi inayoutoa, Landolphia kirkii, ukapewa jina lake. Ni jamii ya mbungo, ambao matunda yake bado hukamuliwa juisi. Mgemaji alipaswa kuujua mtambaazi wenye utomvu unaoganda vizuri na ule unaobaki ukinata bila faida. Aliukata gome, akaukusanya utomvu ukiwa unaganda, akauzungusha hadi ukawa donge la kubebeka. Kwa lugha ya leo, alikuwa akichakata polima. Atakayesema natia chumvi, kwa kuwa mgemaji hakujua chochote kuhusu molekuli, akumbuke kwamba Röntgen naye hakujua. Wazo kwamba mpira ni minyororo mirefu ya molekuli lilitolewa na Hermann Staudinger mwaka 1920, na wanakemia wengi wakalipinga kwa miaka. Wote wawili waliijua tabia ya kitu kabla ya kujua kimeumbwaje. Tofauti ni kwamba ujuzi wa mmoja uliandikwa.

Ujuzi usioandikwa ungeweza kulindwa na bei, lakini biashara ililipa kwa uzito. Ndiyo maana mchanga na mawe vilipenyezwa ndani ya madonge, na mitambaazi ikakatwa na mizizi kufukuliwa badala ya kugemwa kwa subira. Kodi ya vibanda ya Wajerumani, iliyoanza 1898, ilizidisha haraka hiyo, maana fedha ya kodi ilibidi itoke mahali. Kisha 1905 vita vya Maji Maji vikapita hapa. Wamwera waliingia vitani, na misheni ya Nyangao ikachomwa. Si haki kuubebesha mpira mambo hayo yote, ila njaa iliyofuata vita haikuacha biashara yoyote salama.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mbungo ungeshindwa tu. Mwaka 1913 bei ilianguka kwa sababu ya mashamba ya Asia, ambako mti wa Hevea uligemwa kwa mistari, mwaka hadi mwaka. Kuhusu bei, nakubali. Lakini bei haielezi kwa nini katika miongo yote ya neema kazi ya Lindi iliishia kwenye donge. Kuusafisha mpira na kuupika na salfa kulifanyika Ulaya, na Wajerumani walipowekeza humu nchini waliotesha mashamba ya mpira wa Ceara, hasa upande wa Tanga. Mgemaji wa porini hawakumjengea kitu.

Yupo pia atakayesema kwamba misuli ya bandia ya leo haihitaji mbungo. Ni kweli: jaribio lililoamsha uwanja huu mwaka 2000, la Ron Pelrine na wenzake huko California, lilitumia akriliki na silikoni. Utando hupakwa kaboni laini pande zote mbili, kisha volti maelfu huzivuta pande hizo zikaribiane, utando ukawa mwembamba na kutanuka. Kaboni hiyo wakati mwingine ni unga wa kinywe, yaani grafiti, na kinywe kimelala chini ya Ruangwa, huko Nachu na Chilalo. Sidai kwamba misuli hiyo ndiyo itakayonunua kinywe cha migodi. Kinachowaleta wawekezaji ni betri, na unga wa maabara ni kiasi kidogo sana. Ninachokiona ni mpangilio uleule wa chimba, pima, safirisha. Hata mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufa 1951, uliiachia Nachingwea reli ya kupeleka mazao pwani, nayo ikang'olewa miaka ya 60.

Kwa hiyo madiwani na wabunge wa Ruangwa na Nachingwea, kabla ya kuuliza ni tani ngapi za kinywe zitatoka, waulize kitasafishiwa wapi na nani atafundishwa kazi hiyo, na jibu liandikwe kwenye mkataba.