Kumvua Farasi Viatu Sio Kama Kuvua Raba

Kuna aina ya klipu ambayo lazima umeiona. Farasi anang'olewa viatu vya chuma, muziki mtamu unapiga, halafu maandishi yanatokea: sasa yuko huru. Watu wanamwaga mioyo. Mimi huwa najiuliza swali moja tu. Na kesho yake?

Juu kesho yake, mara nyingi, huyo farasi anachechemea. Mchukue mtu aliyevaa raba tangu nasari, umwambie apande Ngong Hills miguu mitupu. Ata-enjoy hatua tatu, basi. Sasa ongeza kilo mia tano za mwili, halafu ukumbuke hawezi kukwambia inauma wapi.

Wacha niwapeleke nyuma kidogo, kwa sababu hii stori ni ya zamani kuliko TikTok. Katika karne ya 4 KK, Mgiriki mmoja anaitwa Xenophon, mwanajeshi na mwandishi, aliandika kitabu kuhusu kutunza farasi. Wagiriki wa wakati huo hawakuwa wakipigilia farasi chuma kwa misumari. Na bado walienda nao vitani. Walifanyaje? Xenophon anasema mwaga mikokoteni minne au mitano ya mawe ya mviringo, kila moja la kujaa kiganja, uzito wa karibu nusu kilo, uyazungushie ukingo wa chuma yasitawanyike. Farasi asimame hapo akisuguliwa na akifukuza nzi. Kwato zinakuwa ngumu zenyewe. Alionya pia kwamba banda lenye maji maji na sakafu laini linaharibu hata kwato nzuri.

Shikilia hiyo point ya banda, tutairudia.

Warumi walikuja na aina ya ndara za chuma zilizofungwa mguuni kwa kamba. Viatu vya misumari vilienea Ulaya kuanzia karibu mwaka 1000. Na sio kwamba watu walikuwa wajinga. Farasi alikuwa anakaa kwa banda lenye unyevu, anabeba mtu mwenye silaha, anavuta mzigo, na kwato zinaisha haraka kuliko zinavyokua. Chuma kilikuwa jibu. Kufikia 1835, Henry Burden wa Troy, New York, alikuwa amepata hataza ya mashine ya kutengeneza viatu vya farasi, na baadaye kiwanda chake kikavalisha farasi wa jeshi la Kaskazini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani.

Lakini kuna watu walianza kuuliza maswali mapema. Bracy Clark, daktari wa mifugo Mwingereza wa mwanzo wa karne ya 19, aligundua kwamba ukwato sio kipande cha mti. Farasi akikanyaga, unatanuka kidogo, akiinua unarudi. Ukiupigilia chuma, unaubana. Miaka mingi baadaye, kati ya 1982 na 1986, Jaime Jackson, fundi wa kwato Mmarekani, alienda kuchunguza farasi wa mwituni kwenye nyanda kavu za Great Basin. Hawana fundi, hawana chuma, na kwato zao ziko fiti. Siri yao ni kutembea sana, kwenye ardhi ngumu na kavu.

Unaona kinachojirudia? Xenophon na Jackson wanasema kitu kimoja. Ardhi ndiyo fundi. Kwa hivyo maoni yangu ni haya: chuma kilikuja kutatua shida ambayo sisi binadamu tulileta. Huwezi kutoa chuma ukaacha ile shida palepale, halafu useme umemkomboa farasi.

Kumzoesha upya ni kazi ya miezi. Ukuta wa ukwato hukua karibu milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, kwa hivyo ukwato mpya kutoka juu hadi chini unaweza kuchukua karibu mwaka mzima. Fundi anatoa misumari polepole, anaviringisha kingo zisipasuke, na anarudi kila baada ya wiki chache. Unaanza na ardhi laini, halafu unaongeza ardhi ngumu kidogo kidogo. Sehemu yenye kokoto ndogo za mviringo inasaidia, yaani Xenophon kabisa. Njia ikiwa na mawe makali, unamvalisha buti za mpira ambazo unavua mkirudi. Chakula nacho ukiangalie: sukari na wanga mwingi vinaweza kuwasha ndani ya ukwato, ugonjwa unaoitwa laminaitisi, na hapo hata nyasi laini inauma. Akichechemea, simamisha, ita daktari wa mifugo. Na wapo farasi ambao, kwa sababu ya ugonjwa au kazi yao, chuma bado kinawafaa. Hiyo sio aibu.

Inawezekana lakini. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, Sweden ilishinda dhahabu ya timu kwa kuruka vizuizi, na farasi wawili kati ya watatu, All In na King Edward, waliruka bila viatu. Watu waliona medali. Mimi naona kazi ya kila siku ambayo hakuna mtu aliirekodi.

Punda wa Lamu wanabeba mizigo bila chuma na hakuna anayeshangaa, juu hawakuwahi kuvalishwa. Yule aliyevalishwa miaka kumi ndiye anahitaji subira yetu. Kwa hivyo ukiona tena ile klipu, usiangalie chuma kikianguka. Tafuta klipu ya mwezi wa sita, uangalie anatembea aje.