Mafuta ya Ubongo: Kutoka Makerere hadi Madiko ya Unguja

Historia ya sayansi ya ubongo hufundishwa katika vyuo vyetu kana kwamba yote ilizaliwa Ulaya na Marekani. Sura yake moja, ile ya mafuta yanayojenga utando wa seli, ina mizizi Kampala.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mwingereza Michael Crawford alikuwa akifundisha katika skuli ya utabibu ya Makerere. Baada ya kurejea London aliendelea kulinganisha mafuta ya wanyama wa mwituni na ya wale wa kufugwa, na mwaka 1972, pamoja na Andrew Sinclair, akatoa hoja iliyowashangaza wengi. Mafuta ya ini na ya nyama hutofautiana sana baina ya mnyama na mnyama, lakini ya ubongo hufanana mno. Kinachotofautiana ni ukubwa wa ubongo wenyewe: nyati ana mwili mkubwa na ubongo mdogo. Crawford alihisi kwamba kiungo kinachokosekana ni asidi ya mafuta iitwayo DHA, ambayo hupatikana kwa wingi katika samaki.

Mwaka huohuo wa 1972, Singer na Nicolson walieleza kwamba utando wa seli si ukuta mkavu. Ni tabaka laini la mafuta ambamo protini huelea. DHA ina kaboni 22 na vifungo 6 vya jozi, navyo huipinda molekuli na kuufanya utando uwe mwepesi. Seli shina za neva, zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, hupokea amri kupitia utando huo. Mwaka 1992 Reynolds na Weiss walizitenga kutoka ubongo wa panya mkubwa. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walionyesha, kwa panya pia, kwamba DHA huzisukuma seli hizo zigeuke kuwa neva.

Crawford alikwenda mbali zaidi akadai kwamba binadamu alipata akili zake ufukweni. Hapo simfuati; ushahidi wa mifupa ni haba, na watu wa bara hawana upungufu wowote wa akili. (Sisi wa pwani tungependa sana iwe kweli.) Lakini suala la maziwa ya mama ni jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu kinamama wanaokula samaki wa Ziwa Kitangiri, hapa hapa Tanzania, ulikuta maziwa yao yana DHA nyingi.

Ndiyo maana huwasumbua wanafunzi wangu kwa habari ya dagaa. Dagaa wa Unguja huchemshwa kwa chumvi, huanikwa juani, kisha hununuliwa na wafanyabiashara wa bara na wa Kongo. Tuna Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi tangu 2020, na mafanikio hupimwa kwa tani na shilingi. Sijaona bado tukipima ni kiasi gani kinabaki katika sahani ya mama mjamzito wa Amani au Makunduchi. Tena vifungo vile 6 vinavyoulainisha utando ndivyo vinavyoifanya DHA iharibike upesi kwa hewa na jua, hivyo dagaa aliyekaa juani siku nyingi hafiki jikoni na mafuta aliyotoka nayo baharini.