Hesabu Zinazolinda Siri: Kutoka Baghdad Hadi Kilindini

Julius Caesar alipowaandikia wandani wake mambo ya siri, alisogeza kila herufi nafasi tatu mbele. Kwa njia hiyo, MELI huwa PHOL. Fumbo la namna hii lina funguo 25 tu, na mwenye subira huzijaribu zote kwa muda mfupi. Lakini ukizichanganya herufi 26 bila utaratibu wowote, idadi ya funguo huwa namba yenye tarakimu 27. Wengi waliamini kwamba wingi huo unatosha kulinda siri yoyote.

Aliyeibomoa imani hiyo ni al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9. Katika risala yake alieleza kwamba herufi za lugha hazitumiki sawasawa: hesabu kila alama imejitokeza mara ngapi, kisha ulinganishe na maandishi ya kawaida ya lugha hiyo. Lijaribu hili kwa Kiswahili. Chukua ukurasa wowote wa gazeti uhesabu herufi zake. A itaziacha nyingine mbali, maana imejaa katika viambishi kama wa-, ma-, na- na ka-, na vitenzi vingi huishia nayo. Mvunja fumbo akiona alama moja imetawala ukurasa, amekwisha kuipata A. Fumbo limebadilisha sura ya herufi, tabia ya lugha imebaki pale pale.

Ulaya ikajibu kwa kutumia alfabeti nyingi kwa zamu, zikiongozwa na neno la ufunguo linalorudiwa tangu mwanzo wa ujumbe hadi mwisho. Giovan Battista Bellaso aliichapisha njia hiyo mwaka 1553, ingawa baadaye ilipewa jina la Vigenère. Kule kurudia ndiko kulikoiponza. Mwaka 1863 Friedrich Kasiski alionyesha kwamba ukipima umbali kati ya vipande vinavyojirudia ndani ya fumbo, vigawo vya umbali huo hufichua urefu wa neno la ufunguo. Urefu ukishajulikana, fumbo zima hugawanyika kuwa mafumbo mepesi kama la Caesar.

Karne ya 20 ilileta mashine. Enigma ya Wajerumani ilibadilisha alfabeti kwa kila herufi iliyobonyezwa, lakini waendeshaji waliagizwa kuandika ufunguo wa ujumbe mara mbili mwanzoni. Desemba 1932 Marian Rejewski, mwanahisabati wa Poland, alitumia marudio hayo pamoja na nadharia ya mipangilio kugundua nyaya za ndani za mashine hiyo. Julai 1939, wiki chache kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wapoland waliwakabidhi Waingereza na Wafaransa ujuzi wao, na kazi ya mwanahisabati Alan Turing na wenzake kule Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kuvunja mafumbo, ikasimama juu ya msingi huo.

Pwani yetu nayo ilishuhudia vita hivyo vya akili. Mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), kikosi cha Waingereza cha kuvunja mafumbo kilihamia Kilindini, Mombasa, kikafanya kazi katika jengo la shule ya Allidina Visram. Septemba mwaka huo, kosa la Wajapani wenyewe liliwapa John MacInnes na Brian Townend mwanya wa kuingia katika JN-40, fumbo la meli za biashara za Japani. Kufikia Novemba walikuwa wakisoma mawasiliano yake bila kuchelewa.

Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs alikuwa amekwisha kuonya kwamba mfumo mzuri hubaki salama hata adui akiujua wote, mradi hana ufunguo. Onyo hilo lilitimia kikamilifu mwaka 1977, pale Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walipobuni RSA, mfumo ambao sehemu ya ufunguo wake hutangazwa kwa wote. Chukua namba tasa 3 na 11, zizidishe upate 33, kisha uitangazie dunia 33 na 3. Anayetaka kukutumia 4 huzidisha 4 × 4 × 4, akapata 64, akagawanya kwa 33 na kukupelekea baki, yaani 31. Wewe una namba ya siri, 7, iliyotokana na zile namba tasa mbili: zidisha 31 saba kwa pamoja, gawanya kwa 33, baki ni 4. Kwa 33 kila mtoto ataona vigawo. Funguo za leo zina namba za tarakimu zaidi ya 600, na hapo kompyuta zote hukwama.

Hata hivyo, hesabu haijalala. Mwaka 1994 Peter Shor alithibitisha kwamba kompyuta ya kwanta yenye uwezo wa kutosha ingepata vigawo hivyo kwa urahisi, na Agosti 2024 Marekani ilitangaza viwango vitatu vya kwanza vya kukabiliana na hatari hiyo. Njia za viwango hivyo zimechapishwa ili kila mtaalamu azishambulie.

Hilo ndilo funzo la historia yote hii: njia iliyojaribiwa hadharani ndiyo ya kuaminiwa. Ukiambiwa kwamba programu fulani ya benki au ya simu ni salama kwa sababu hakuna ajuaye inavyofanya kazi, usiikabidhi fedha zako.